Watoto wa bweni wanajikuna hadi vidonda: tuweke nini kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza?

MleziBweni

Habari za majukumu wadau. Nasimamia bweni la shule ya msingi huku Morogoro, watoto wa miaka 6 hadi 13. Tangu masika ianze vipele vya kuwasha vimezidi: miguuni, mikononi, wengine shingoni. Wapo wanaojikuna usiku kucha, asubuhi shuka zina matone ya damu. Kisanduku chetu kina spiriti, GV, pamba na Panadol, basi. Walezi wenzangu kila mmoja ana dawa yake: huyu dawa ya meno, yule ndimu na chumvi, mwingine mafuta ya taa.

Nataka kuandaa utaratibu wa ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Naomba wenye utaalamu mnisaidie haya: mtoto akija anawashwa tuanze na nini, dawa zipi za kununua na kipimo gani kwa umri huu, kwa nini watoto wawili wanalala kitanda kimoja, mmoja anajaa vipele na mwenzake hana hata kimoja, na dalili zipi tukiziona tusisubiri, tumpeleke kituo cha afya.

Tabibu_Ngozi

Mwalimu, naanza na swali la kitanda kimoja, maana ndilo linalopotosha wengi. Mdudu anapofyonza damu huacha mate yake kwenye ngozi. Mwasho hautokani na tundu la mdomo wake; unatokana na kinga ya mwili inayoyapinga yale mate. Seli za ngozi humwaga histamini, kemikali inayoleta mwasho, mishipa midogo hutanuka na kuvujisha maji, kipele kinainuka. Mtoto ambaye mwili wake bado haujayazoea mate hayo huvimba sana. Aliyeumwa miaka mingi anaweza kuumwa usiku uleule na asioneshe alama. Kwa hiyo yule asiye na vipele huenda naye anaumwa. Asiwe ushahidi wenu kwamba kitanda ni kisafi.

Kuna jambo jingine linalowatisha wazazi: mtoto akiumwa upya mguuni, vipele vya wiki iliyopita mkononi vinaamka na kuwasha tena. Si "damu chafu" na hahitaji dawa ya kusafisha damu. Ni mzio uleule, na kwa watoto wengi hupungua wenyewe kadiri wanavyokua.

Kipele cha mbu kwa kawaida huinuka ndani ya dakika 20 kikiwa laini, kisha kinakuwa kigumu, kinawasha zaidi siku ya pili, na ndani ya siku 7 hadi 10 kimekwisha, ila kwa sharti kwamba hakijakunwa. Kazi yote ya huduma ya kwanza ni kumzuia mtoto asikune katika siku hizo chache. Ukutani andika hivi:

1. Osha sehemu kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida. Hata sabuni ya mche inatosha. Kausha kwa kugandamiza kitambaa, usisugue. Kusugua kunaamsha mwasho.

2. Poza kwa dakika 10. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja kwa sababu nayo huunguza. Kama hakuna friji, lowesha kitambaa kwa maji ya mtungini, kamua, weka, na ugeuze kila kinapopata joto. Mwasho ukirudi baada ya saa moja, rudia. Watu huidharau hatua hii kwa kuwa haiuzwi dukani, lakini ndiyo inayofanya kazi haraka kuliko zote.

3. Paka kalamini, dawa ya maji ya kutuliza mwasho, kwenye kipele ambacho ngozi yake haijachunika.

4. Kata kucha za mtoto ziwe fupi kabisa, usafishe na chini yake. Usiku avae soksi au suruali nyepesi ndefu. Bakteria wanaoleta vidonda huingia kwa kucha.

Spiriti iondoke kwenye orodha ya mwasho. Kwenye ngozi iliyokunwa inachoma na kukausha, na ngozi kavu inawasha zaidi. GV nayo naona inapendwa sana mabwenini, ila ina tatizo kubwa: inapaka zambarau juu ya eneo ambalo unatakiwa kulichunguza kesho kama wekundu unatambaa. Usiitumie kwenye vipele.

Dawa ya meno inaleta ubaridi wa muda kwa sababu ya mentholi, kisha inawasha ngozi iliyochubuka. Ndimu ikipakwa na mtoto akatoka juani inaweza kuacha malengelenge na mabaka meusi ya miezi mingi. Mafuta ya taa ni kemikali. Yanaunguza ngozi na mvuke wake si mzuri kwa mapafu ya mtoto. Vitu hivyo vitatu viandikwe kabisa kwamba ni marufuku, kwa majina yake.

MfamasiaZamu

Naongezea upande wa dawa. Nunua vitu vinne tu, usijaze kisanduku.

Kalamini ya maji, chupa ya mililita 100. Dawa yake hutuama chini, kwa hiyo tikisa vizuri kila mara. Usipotikisa unapaka maji ya juu tu halafu mnalalamika haifanyi kazi. Mimina kidogo kwenye pamba, gusa kipele, acha ikauke. Mara 3 hadi 4 kwa siku. Isikaribie macho, mdomo wala kidonda kibichi. Usichovye pamba iliyokwisha kugusa ngozi ya mtoto ndani ya chupa, mtahamisha bakteria kwa bweni zima. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya chupa.

Setirizini, dawa ya kunywa ya kutuliza mzio. Miaka 6 hadi 11: miligramu 5 mara mbili kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 10, asubuhi na jioni. Miaka 12 na kuendelea: miligramu 10 mara moja kwa siku. Ukitumia ya maji, soma lebo: nyingi zina miligramu 5 ndani ya mililita 5, na upime kwa kijiko cha dawa au bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai cha jikoni. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo au kifafa asipewe kabla ya kuuliza daktari. Siku 2 au 3 zinatosha kwa vipele vya kawaida. Ikibidi kuendelea zaidi ya hapo, basi tatizo liko kitandani, si kwenye dawa.

Krimu ya haidrokotisoni asilimia 1, ila hii ikae kabatini kwa mlezi mmoja mwenye ufunguo. Ni kwa vipele vichache vilivyovimba sana na ambavyo ngozi yake ni nzima. Tabaka jembamba mara moja au mbili kwa siku, isizidi siku 7, isipakwe usoni. Kwa mtoto chini ya miaka 10 muulize kwanza mtoa huduma wa afya.

Cha nne ni mafuta ya mgando ya kawaida, ya kulainisha ngozi kavu baada ya kalamini kumaliza kazi yake. Kalamini hukausha, na walezi wengi huendelea kuipaka siku kumi mfululizo.

Kuhusu Piriton: inafanya kazi, lakini inaleta usingizi na mtoto anasinzia darasani. Mkiwa nayo, miaka 6 hadi 11 ni nusu kidonge cha miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi miligramu 12 kwa siku nzima. Isitolewe pamoja na setirizini. Na angalia hili: dawa nyingi za maji za mafua na kikohozi tayari zina dawa hiyohiyo ndani, jina lake kwenye lebo ni klofeniramini. Mtoto mwenye mafua na vipele anaweza kupewa dozi mbili bila mtu kujua. Ndiyo maana kila dozi iandikwe kwenye daftari: jina, saa, dawa, kiasi, nani ametoa. Na mzazi awe amesaini ridhaa mwanzoni mwa muhula.

Sasa onyo ambalo naomba usilipite. Ukiingia dukani ukasema "nataka krimu ya vipele" unaweza kupewa ile ya mchanganyiko yenye dawa tatu ndani: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe na mwasho. Mwasho unakata siku hiyohiyo, kwa hiyo watu wanaisifia. Lakini steroidi kali ikipakwa wiki kadhaa inafanya ngozi kuwa nyembamba, inaacha michirizi isiyofutika, na kama kile "kipele" kilikuwa fangasi inamficha huku anatambaa chini kwa chini. Soma lebo: ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo si ya kisanduku cha shule.

Mzee_wa_Kijiko

Kuna njia rahisi hamjaitaja. Kijiko cha chuma kichovywe kwenye maji ya moto, kigandamizwe juu ya kipele sekunde chache. Mwasho unaondoka papo hapo bila dawa. Pia magadi ya kuokea yaliyokorogwa na maji yanasaidia sana.

Tabibu_Ngozi

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye magadi ya kuokea nakuunga mkono: kijiko kimoja kikubwa, maji kidogo kidogo hadi uji mzito, paka kwenye kipele, dakika 10, osha. Ila iwe ile ya kuokea mikate, isiwe magadi ya kulainishia maharage wala soda ya kutengenezea sabuni. Hiyo ya sabuni inaunguza vibaya mno.

Joto nalo ni kweli linatuliza mwasho. Vipo vifaa vidogo vya betri vinavyotoa joto la takriban nyuzi 51 kwa sekunde chache kisha vinajizima. Tofauti ni kwamba kijiko hakina kipimo. Maji ya chai ni zaidi ya nyuzi 80, na ngozi ya mtoto huungua upesi kuliko yetu. Mtu mzima anajipima mwenyewe. Mlezi mwenye watoto 60 kwenye foleni hawezi kupima kwa kila mmoja. Kwa bweni, tubaki na baridi.

Sasa dalili za kumpeleka. Nazitenganisha makundi mawili, maana moja ni la dakika na jingine ni la siku.

La dakika: midomo, ulimi au kope kuvimba ghafla, sauti kukwama, kupumua kwa shida au kwa mluzi, vipele vya maji kutapakaa mwili mzima pamoja na kutapika, kizunguzungu au kuzimia. Hii huja zaidi kwa nyuki na nyigu kuliko mbu. Mlaze chali, miguu iinuliwe. Kama anahangaika kupumua mwache aketi. Asisimame wala kutembezwa kwenda kwenye gari, abebwe. Tiba yake ni sindano ya adrenalini kwenye paja, inayotolewa hospitali au kituo cha afya. Setirizini haiokoi maisha hapa, na kusubiri ifanye kazi ndiko kunakoua. Kama ni nyuki, mwiba utolewe haraka kwa kucha au kibano, njia yoyote iliyo karibu, kwa sababu kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma kikiwa pale.

La siku: hapa watu hukosea pande zote mbili. Mguu unaweza kuvimba sana ndani ya saa chache baada ya mbu mmoja, ukawa wa moto, na bado ukawa mzio tu. Kinachoongoza pale ni mwasho. Maambukizi huja taratibu, mara nyingi baada ya siku 2 au zaidi, na kinachoongoza ni maumivu. Chukua kalamu ya wino, zungushia ukingo wa eneo lililobadilika rangi, andika saa. Likivuka mstari kesho yake, au kukiwa na usaha, homa, michirizi inayopanda mguuni, au mitoki kwenye nyonga, apelekwe siku hiyo. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu kama wa kwenye picha za vitabuni: eneo huonekana jeusi zaidi au la zambarau, na mgongo wa kiganja chako unahisi joto kuliko sehemu ya jirani.

Magaga ya rangi ya asali juu ya vipele ni maambukizi yanayoambukiza wengine. Taulo na shuka zake zitengwe, vidonda vifunikwe, aende kituo cha afya. Wiki chache baadaye mchunguze uso ukivimba asubuhi au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi. Bakteria wa vidonda hivi wanaweza kuyasumbua mafigo.

MfamasiaZamu

Na tafadhali, msimpe mtoto wa magaga amoksilini iliyobaki kwa mwenzake. Bakteria wanaosababisha vidonda hivi mara nyingi wanaishinda. Daktari ataandika inayofaa na siku kamili.

AfisaAfya_Kata

Mwalimu, hayo yote ni kuzima moshi. Mpaka ujue ni mdudu gani, utanunua kalamini hadi mwisho wa mwaka. Angalia vipele vimekaaje.

Vikiwa vimetawanyika sehemu zisizofunikwa, fikiria mbu. Vikiwa kwenye kiwiko na paja upande unaogusa chandarua, chandarua kipo lakini mtoto analala amekiegemea. Mbu huuma kupitia wavuni. Kichomekwe chini ya godoro na kishonwe matundu.

Vikiwa vitatu vinne kwenye mstari au kundi, mikononi, shingoni, mgongoni, na vinaonekana asubuhi, hao ni kunguni. Matone ya damu kwenye shuka yanaweza kuwa ya kujikuna, lakini tafuta na vidoa vyeusi kama nukta za kalamu kwenye mishono ya godoro. Washa tochi, inua chaga, chungulia kwenye maungio yake, matundu ya misumari, nyuma ya mbao za kichwani. Vipele vya kunguni vinaweza kuchelewa siku kadhaa kujitokeza, kwa hiyo usilaumu kitanda cha jana tu kama mtoto ametoka nyumbani.

Vikiwa vifundoni na kwenye miguu chini ya magoti, viroboto. Angalia paka na mbwa wanaolala barazani.

Na kama mwasho unazidi usiku, upo katikati ya vidole, viganjani kwenye mikunjo, kiunoni, sehemu za siri, na watoto kadhaa wanao, huo si wadudu wa kuuma. Ni upele, ule ugonjwa wa ngozi wa kuambukizana (scabies). Kalamini haitausaidia. Wanaolala pamoja wote hutibiwa siku moja, hata wasiowashwa, kwa dawa kutoka kituo cha afya, na nguo na shuka zifuliwe siku hiyohiyo.

Kwa kunguni, msipulizie dawa kwanza. Wengi wamekuwa sugu kwa dawa za kawaida za kupuliza, na wakikereka wanahamia kitanda cha pili. Anza hivi: shuka, vyandarua visivyo na dawa na nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, zikaushwe juani. Toeni vitanda nje, mwageni maji yanayochemka kwenye chaga na maungio, polepole, maana yanaua pale yanapogusa tu. Walezi wafanye kazi hiyo, si watoto. Ziba nyufa za ukuta kwa saruji au putty. Sogeza vitanda mbali na ukuta, na shuka zisiburute sakafuni. Kuanika godoro juani pekee hakutoshi, joto halifiki katikati.

Rudieni kazi yote baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yaliyobaki huanguliwa ndani ya muda huo, na ukiacha raundi ya pili ni kama hukufanya ya kwanza. Msitumie dawa za mashambani wala dizeli kwenye vitanda. Watoto watavuta hewa hiyo usiku kucha.

MleziBweni

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Tumefunua chaga tatu jioni hii, vidoa vyeusi vipo kama mlivyosema. Swali moja la mwisho: mtoto mmoja ana mstari shingoni, kama ameunguzwa na pasi, na malengelenge madogo. Anasema halimwashi sana, linachoma. Kwenye mkunjo wa kiwiko kuna mabaka mawili yanayofanana, moja juu moja chini. Hakumbuki kuumwa.

Tabibu_Ngozi

Hakuumwa. Huyo ni Nairobi fly, yule mdudu mwembamba wa urefu wa chini ya sentimita moja, mwenye pingili nyeusi na za rangi ya machungwa, anayezunguka taa wakati wa mvua. Kenya ilipata mlipuko mkubwa wa vidonda vyake wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hana mwiba na hang'ati. Sumu imo mwilini mwake, inaitwa pederini, na inatoka anapopondwa. Mtoto amemfuta shingoni usingizini, ndiyo maana ni mstari. Yale mabaka mawili ya kiwiko ni sumu iliyohama mkono ulipokunjwa. Malengelenge huchelewa, siku moja hadi mbili baada ya kumponda, hivyo hakuna anayemkumbuka mdudu.

Oshea sabuni na maji mengi, pamoja na shingo yote na mikono yake. Foronya na nguo alizolalia zifuliwe. Poza kwa kitambaa cha maji baridi dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Msitumbue malengelenge na msipake kalamini yakiwa yamepasuka. Kwa kawaida hukauka ndani ya wiki moja hadi tatu na kuacha doa jeusi linalofifia taratibu. Msiruhusu mtu ampake krimu ya kung'arisha ngozi. Likifika jichoni, suuzeni jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali bila kungoja asubuhi. Watoto wafundishwe kwamba akitua mwilini hapigwi: anapulizwa, au anapandishwa kwenye karatasi na kutupwa.

AfisaAfya_Kata

Na kwa huyo, taa ndiyo mlango wake. Taa nyeupe za nje zinazoelekea madirishani zizimwe au zihamishiwe mbali na bweni, na balbu za karibu ziwe za mwanga wa njano. Ndani, zimeni taa kabla ya kufungua madirisha, si baada. Vyandarua vishushwe kabla giza halijaingia, na kila mtoto akung'ute shuka na mto kabla ya kulala.